Mali yenye daftari: kisa cha Africatown, Alabama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliwaasa wafanyabiashara, lakini wazawa wa watumwa nchini Marekani wamekuwa wakijibiwa hivyohivyo kila wanapodai fidia: leteni daftari. Nani hasa alimchukua babu yako? Kwa bei gani? Faida ilikwenda wapi, na leo imo mfukoni mwa nani?

Jibu hilo lina nguvu ya kisheria. Desemba 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Richard Posner, ilikataa sehemu kubwa ya madai ya wazawa wa watumwa waliozishtaki benki, kampuni za bima, za reli na za tumbaku. Sababu kuu zilikuwa mbili. Walalamikaji hawakuonyesha kamba inayotoka kwa kampuni fulani, ikapita kwa mtumwa fulani, ikafika kwenye hasara ya mjukuu fulani. Na hata kamba ingeonekana, ukomo wa muda wa kufungua shauri ulikwisha zamani mno.

Sababu ya kwanza si ya kudharau. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa kwenye karatasi za peke yao, na walio wengi hawakuandikwa majina. Aliandikwa bwana, kisha chini yake mistari: mwanamke, miaka 30, mweusi, mwanamume, miaka 12, chotara. Ukimtafuta bibi yako humo unakuta umri na jinsia tu. Daftari lilikuwepo, ila liliandikwa kwa namna ya kumfuta mtu.

Basi nimechagua kisa ambacho hakuna kilichofutika. Merikebu inajulikana, nahodha anajulikana, tajiri anajulikana, bei inajulikana, mateka kadhaa wanajulikana kwa majina waliyopewa na wazazi wao, kijiji chao bado kipo, na ukoo wa tajiri bado una ardhi palepale. Nilitaka kuona, sababu ya kwanza ikiondolewa kabisa, ni nini kinachobaki.

Merikebu

Sheria ya Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kuanzia tarehe 1 Januari 1808. Mwaka 1820 biashara hiyo ikahesabiwa kuwa uharamia, adhabu yake kifo. Kununua na kuuza watu ndani ya nchi kuliendelea kuwa halali, na pamba ilivyopanda bei, ndivyo bei ya mtu ilivyopanda. Kufikia 1860 kijana mwenye nguvu huko Alabama aliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Timothy Meaher alikuwa mzaliwa wa Maine, kaskazini kabisa, aliyehamia mji wa bandari wa Mobile, Alabama, na kutajirika kwa kuunda na kuendesha meli za mvuke zilizobeba pamba mtoni. Masimulizi yanasema aliwekeana dau na wenzake kwamba angeweza kuleta shehena ya Waafrika mbele ya pua za maofisa wa serikali na asiguswe. Dau liwe kweli au chumvi ya magazeti ya baadaye, hesabu ya biashara peke yake ilitosha kumshawishi. Alimpata William Foster, fundi aliyeiunda mwenyewe merikebu ya Clotilda mwaka 1855, yenye milingoti miwili na urefu wa futi 86. Foster aling'oa nanga mwanzoni mwa Machi 1860 akiwa na dola 9,000 za dhahabu.

Alikwenda Ouidah, bandari ya ufalme wa Dahomey, leo nchi ya Benin. Jeshi la Mfalme Glele lilikuwa likivamia miji ya jirani na kuuza mateka. Hapa pana jambo ambalo baadhi ya wasimulizi huliruka: waliouza walikuwa Waafrika, na wazawa wa Clotilda wanalijua hilo kuliko sisi, kwa sababu wazee wao waliwasimulia vichwa vilivyokatwa walivyoviona njiani. Kulitaja hakumpunguzii Meaher chochote. Mnunuzi wa mali ya wizi hatetewi na kuwepo kwa mwizi.

Foster alipakia watu 110. Mmoja wao aliitwa Kossola, kijana wa miaka kama 19. Alisimulia baadaye kwamba walikaa ndani ya ngama siku 13, gizani, kabla ya kupandishwa sitahani, na miguu ilikuwa imekufa ganzi hata ikabidi washikwe mikono ili watembee. Julai 1860, usiku, merikebu ilivutwa kuingia mto wa Mobile. Mateka walihamishiwa kwenye meli ya mvuke, kisha Foster akaitia moto Clotilda na kuizamisha. Chombo kilikuwa ushahidi wa kosa la kunyongwa.

Mashitaka yalifunguliwa. Lakini mateka walikuwa wamefichwa mabwawani, wakihamishwahamishwa kwenye matete, na Januari 1861 kesi zikafa. Mwezi huohuo Alabama ikajitenga na Marekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikafuata. Katika historia nzima ya sheria ile ya uharamia alinyongwa mtu mmoja tu, Nathaniel Gordon, huko New York mwaka 1862. Meaher alikufa kitandani mwaka 1892, na hadi uzeeni aliwasimulia waandishi wa habari mkasa ule kama mtu anayesimulia mchezo aliowashinda wenzake.

Siku 100 za kazi

Mateka waligawanywa: wengine wakachukuliwa na Timothy na ndugu zake, wengine na Foster, wengine wakauzwa mbali zaidi ndani ya Alabama. Kossola aliangukia kwa James Meaher, aliyeshindwa kulitamka jina lake, wakaafikiana Cudjo. Alipakia kuni kwenye meli za mvuke kwa karibu miaka mitano. Tarehe 12 Aprili 1865 wanajeshi wa serikali ya Kaskazini waliokuwa wakichuma forosadi kando ya mto waliwaambia Kossola na wenzake kwamba hawana bwana tena.

Walitaka kurudi kwao, lakini nauli haikupatikana. Ndipo likaja tukio ambalo, kwangu, ndilo moyo wa kisa hiki kuliko safari na moto. Wenzake walimtuma Kossola kuongea na Timothy Meaher. Siku moja alikuwa akikata miti, Meaher akapita na kuketi juu ya gogo. Kossola akaacha shoka, akamweleza kwamba kwao walikuwa na ardhi na nyumba. Yeye ndiye aliyewatoa. Wamemfanyia kazi bure miaka mitano. Sasa hawana kwao wala hawana ardhi. Basi na awape sehemu ya yake. Meaher aliruka kwa hasira, akamwambia hawezi kuwapa mali juu ya mali. Aliwatunza vizuri utumwani, hawadai kitu. Hayo aliyasimulia Kossola mwenyewe uzeeni kwa wageni waliomtembelea, akiwemo mwandishi Zora Neale Hurston mwishoni mwa miaka ya 1920.

Basi wakanunua. Wanaume walifanya kazi kwenye viwanda vya kupasua mbao kwa dola moja kwa siku, wanawake walilima mboga na kuziuza mjini, na chakula cha nyumbani kikawa mkate na molasi ili akiba isiguswe. Mwaka 1872 Kossola alipata ekari mbili kwa dola 100, akazinunua kutoka kwa Meaher yuleyule. Alisema hawakupunguziwa hata senti tano.

Nilichukua penseli nikapiga hesabu ambayo Meaher hakuitaka. Kutoka Julai 1860 hadi Aprili 1865 ni miaka minne na miezi tisa. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hizo ni siku zaidi ya 1,400. Kwa ujira uleule wa dola moja uliolipwa viwandani baada ya vita, ni dola 1,400. Kwa bei ileile ya Meaher, dola 50 kwa ekari, ni ekari 28. Toa nusu nzima kwa ajili ya chakula na malazi, ingawa malazi yenyewe tunayajua: zinabaki ekari 14 kwa mwanamume mmoja. Kossola aliondoka na mbili, na alizilipia kwa ujira wa siku 100 nyingine. Hapo sijahesabu bei ya kunyakuliwa mtu kwao, maana hiyo sijui ingeandikwa kwenye safu gani.

Wazo la kuwapa ardhi walioachiwa huru halikuwa geni. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitoa amri ya kugawa ardhi ya mwambao wa South Carolina, Georgia na Florida kwa familia za walioachiwa huru, hadi ekari 40 kila moja. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson aliwarudishia ardhi mabwana wa zamani. Alabama haikuwemo hata kwenye ile amri. Kwingine fidia ilitolewa, ila kwa upande wa pili. Washington mwaka 1862 serikali iliwalipa wenye watumwa hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Msomaji wa Unguja hatashangaa: amri ya Sultani Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897 nayo ilimfikiria bwana apate fidia. Kila mahali mwenye hasara alionekana kuwa yule aliyenyang'anywa mtu, na mtu mwenyewe akaambiwa ashukuru.

Kijiji, na waliokizunguka

Kijiji walikiita African Town, ndiyo Africatown ya leo. Walimchagua Gumpa awe mkuu wao, wakaweka waamuzi wawili, wakatunga sheria dhidi ya wizi na ulevi, wakajenga kanisa mwaka 1872, kisha shule. Walizungumza Kiingereza na lugha za kwao, na wazee wachache walidumu na lugha hizo hadi karne ya 20. Mwaka 1874 wanaume wao walikwenda kupiga kura. Meaher alitangulia kituoni akawaambia wasimamizi wasiwaruhusu. Wakatembea hadi kituo cha pili, akawa amewawahi. Cha tatu pia. Mwishowe walipata pa kupigia kwa kulipa dola moja kila mtu, mshahara wa siku nzima, na wakazitunza stakabadhi zile kwa miaka. Mwaka 1901 katiba mpya ya Alabama ilifunga mlango huo kabisa kwa karibu Weusi wote.

Mwaka 1902 gari la moshi liligonga kigari cha farasi cha Kossola likamvunja. Aliishtaki kampuni ya reli. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, likampa dola 650, jambo la ajabu kwa zama zile. Mahakama kuu zaidi ya jimbo ikaifuta tuzo hiyo. Alikufa mwaka 1935, akiwa amemzika mkewe Abile na watoto wao wote sita.

Ardhi waliyoinunua ilikuwa kama visiwa. Maji yaliyovizunguka yalikuwa ardhi ya ukoo wa Meaher. Hili ndilo la kuangalia kwenye ramani kabla ya kuangalia makumbusho. Mwishoni mwa miaka ya 1920 International Paper ilijenga kiwanda kikubwa cha karatasi ubavuni mwa kijiji, na miongo miwili haijapita kikaongezeka kingine. Sehemu ya ardhi ya viwanda ilikuwa ya ukoo wa Meaher, ulioikodisha. Ukoo huo ulikuwa pia na nyumba za kupangisha humohumo kijijini, nyingi hazina maji ya bomba. Jiji lilipoanza kudai ziwekewe mabomba na mifereji katika miaka ya 1960, nyingi zilibomolewa na wapangaji wakatafute pengine.

Sitasema viwanda vilileta mabaya matupu. Vilileta mishahara, kijiji kilifika watu wapatao 12,000 katikati ya karne, kikiwa na maduka, sinema na vinyozi. Lakini wakazi wanakumbuka pia majivu yaliyonyesha juu ya nguo zilizoanikwa na kula rangi za magari. Kiwanda cha International Paper kilifungwa mwaka 2000. Mishahara ikaondoka, udongo ukabaki. Mwaka 2017 wakazi zaidi ya elfu moja waliishtaki kampuni wakidai kwamba sumu za kiwanda ziliingia kwenye udongo na maji na kuwaletea saratani. Kampuni ilikana, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2020. Wakati huohuo barabara iliyopanuliwa kuelekea daraja jipya la mwaka 1991 ilikuwa imefyeka mtaa wa maduka. Daraja limepewa jina la Africatown. Leo wamebaki watu kama 2,000, na kati ya mitaa yao upo unaoitwa Meaher.

Usidhani haya yalitokea kwa sababu mtu mmoja alikuwa na roho mbaya mwaka 1860. Kiwanda cha sumu hakichagui mahali kwa kuuliza nani aliletwa na merikebu gani. Kinatafuta ardhi ya bei nafuu kando ya maji na reli, penye majirani wasio na kura wala wakili. Alabama ya 1928 ilikuwa tayari imewaandaa majirani wa namna hiyo kwa katiba, na Meaher alikuwa tayari na ardhi. Ndivyo dhulma ya usiku mmoja inavyogeuka kuwa mkataba wa pango uliosainiwa mchana kweupe na watu ambao hawakumiliki mtumwa hata mmoja.

Nchi nzima ina umbo hilohilo, ila huwa halionekani wazi hivi. Utafiti wa benki kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulikuta kaya ya kati ya Wazungu ina mali ya takriban dola 285,000, na ya Weusi dola 44,900. Ni zaidi ya mara sita. Pengo la mishahara halifiki huko. Mshahara unalipa mwezi, lakini nyumba na kiwanja vinarithishwa, na aliyeanza na ekari mbili katikati ya mashamba ya mwenzake hurithisha ekari mbili, tena zenye majivu.

Merikebu yaonekana

Kwa muda mrefu wakazi waliambiwa Clotilda ni ngano. Hakuna chombo, hakuna kisa. Kisha mwandishi wa habari Ben Raines alianza kuitafuta mtoni. Mabaki ya kwanza aliyoyapata yalikuwa ya chombo kingine, akaendelea. Tarehe 22 Mei 2019 tume ya historia ya Alabama ilitangaza kwamba mabaki yaliyomo karibu na kisiwa cha Twelvemile ni yake. Vipimo, aina ya mbao, misumari na alama za moto vililingana. Wapiga mbizi waliorudi baadaye wakakuta sehemu kubwa ya chombo imesimama ndani ya tope, na ile ngama ya siku 13 bado ina umbo lake.

Furaha ilikuwa kubwa, na fedha za utafiti zikapatikana. Kwa sheria ya jimbo, mabaki ya meli zilizozama ni mali ya jimbo. Kwa hiyo kitu pekee kilichopatikana cha daftari lile kikawa mali ya serikali ya Alabama, si ya waliosafirishwa ndani yake. Sikusudii kejeli, tope ndilo lililoitunza merikebu, na wataalamu wanashauri ibaki humohumo kwa sababu ikitolewa itamumunyuka. Nashangaa tu jinsi nchi ilivyoweza kuhesabu misumari kwa umakini ule, wakati miaka 150 wazee walitaja majina, mahali na tarehe, na kauli yao ikahesabiwa hadithi za jioni.

Na ukoo? Kwa miaka mingi ulikaa kimya. Rekodi za kodi za Alabama, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, ziliuonyesha ukiwa na ardhi ya thamani ya mamilioni ya dola katika eneo la Mobile. Mwaka 2021 uliliuzia jiji jengo moja huko Africatown kwa dola 50,000, bei ya chini sana kuliko thamani yake. Mwaka 2022 wawili wa ukoo huo walitoa tamko la hadharani kwamba alichofanya babu yao kilikuwa uovu usiosameheka, wakakutana na viongozi wa wazawa. Nasema bila kinyongo kwamba ni hatua. Wale wawili hawakuchagua babu, na wengi wenye babu kama huyo hawajasema hata neno.

Hata hivyo hatua hiyo ilitokana na hiari, na hapo ndipo kisa kinapojibu swali nililoanza nalo. Kamba ambayo mahakama ya Chicago haikuiona, hapa inaonekana fundo kwa fundo: dola 9,000, watu 110, miaka mitano bila ujira, ardhi iliyokataliwa, ardhi iliyouzwa, ardhi iliyokodishwa kwa kiwanda, na ardhi iliyomo kwenye vitabu vya kodi. Hakuna tena wa kusema hatujui nani. Na pamoja na yote hayo hakuna mahakama iliyomlazimisha mtu yeyote kurudisha hata hatua moja ya udongo. Muswada wa kuunda tume ya kuchunguza tu suala la fidia, si kulipa, uliwasilishwa bungeni mara ya kwanza mwaka 1989 na haujawahi kupitishwa. Kukosekana kwa daftari hakukuwa kizuizi. Kilikuwa kisingizio kilichofaa maadamu daftari halijaonekana.

Najua pingamizi: kumtoza mjukuu kwa kosa la babu ni dhulma nyingine. Kwenye kosa la jinai nakubali kabisa. Lakini wanaodai Africatown hawaombi mtu afungwe. Wanazungumzia mali. Sote tunajua mirathi inavyokwenda: anayepokea shamba la marehemu hupokea na madeni ya shamba. Ni ajabu kuona kanuni inayofahamika kwa kila familia iliyowahi kukaa mkekani kugawana urithi ikisahauliwa ghafla pale deni linapokuwa la aina hii.

Kuna pia wanaotegemea utalii. Tarehe 8 Julai 2023, miaka 163 tangu usiku ule, nyumba ya urithi ya Africatown ilifunguliwa, ikiwa na maonyesho yenye vipande vya mbao za Clotilda. Wageni wanakuja, na wakazi wanajivunia, wana haki. Hofu yangu ni ndogo na ya kawaida: mgeni akitoka maonyeshoni na kutaka kula au kulala, fedha yake ataiacha kwa nani? Mtaa wa maduka ulifyekwa. Kiwanja cha hoteli, kikitakiwa, kipo kwenye ardhi ya nani? Wakazi waliokaa kwenye vikao vya jiji kupinga matangi ya mafuta na kudai mipaka mipya ya maeneo ya viwanda wanafanya kazi isiyovutia kamera, lakini ndiyo inayogusa ramani yenyewe.

Inabaki ile sababu ya pili ya mahakama, ukomo wa muda, pamoja na msemo unaoandamana nayo: walioumizwa wote wamekwisha kufa, wangedai wao wangesikilizwa. Hapo namkumbuka Matilda McCrear. Aliletwa na Clotilda akiwa na umri wa miaka kama miwili, pamoja na mama yake na dada zake. Walipofika Alabama, yeye, mama yake na dada mmoja waliuzwa pamoja, na dada wengine wakauzwa kwingine wasionekane tena. Aliishi karibu na Selma, na alifariki Januari 1940, akiwa wa mwisho anayejulikana kati ya wote waliosafirishwa katika merikebu ile. Mwaka 1931, mwanamke wa miaka zaidi ya 70, alitembea kwa miguu maili 15 kutoka shambani hadi mahakama ya wilaya mjini Selma kudai fidia. Hakuja kama mjukuu wa mtu. Shahidi, mlalamikaji na kielelezo vyote vilikuwa yeye mwenyewe, amesimama mbele ya hakimu. Dai lake lilikataliwa.